Qais na Mkia wa Maneno

Qais alikuwa hawezi kuliacha neno likatulia. Akisema leo jua kali, ataongeza, "na ndimu juu." Akisema mchele umepanda, na ndimu juu. Mwaka juzi alikwenda hospitali kumtazama jirani aliyepasuliwa tumbo. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akamwambia kwa huruma ya kweli, "Utapona, inshallah, na ndimu juu," na mgonjwa akacheka mpaka muuguzi akaja kumtoa Qais nje kwa kuuhofia mshono.

Mjini kwetu kila mtu ana mkia wake wa maneno. Mize, anayekaa chini katika nyumba ile ile anayokaa Qais, mtaa wa Kokoni, akishakueleza nani kaonekana na nani Forodhani na wamevaa nini, humalizia "mie simo", hali yumo mpaka shingoni. Turki, muuza vipuri vya baiskeli, hufunga kila jambo kwa "au nnasema uongo?" na jibu halingoji. Vijana wa Jang'ombe wanaokuja asubuhi kubeba samaki wana "kama kawa", wana "freshi barida", na ukizoea moja wameshahamia jingine. Ukiipima mikia hii haina uzito wowote. Lakini ukiwa ghorofani na madirisha yamefungwa kwa ajili ya joto, maneno yenyewe hayakufikii; mkia unakufikia, na unajua nani anapita chini.

Wa Qais ulitoka kazini. Babu yake alikuwa na minazi Mangapwani, lakini Qais aliikuta hadithi yake tu. Yeye alikuwa dalali wa samaki kwenye diko la Malindi, wavuvi wanaposhusha. Samaki humwagwa sakafuni, wachuuzi huzunguka, na dalali hupandisha bei mpaka sauti ibaki moja. Hapo ndipo kazi ilipo. Dalali akisita kidogo, mnunuzi atabadili shauri, atasema jicho la samaki limeingia ndani, nyama imelegea. Kwa hivyo neno la mwisho lazima lifunge. Wengine hupiga kofi, wengine hupiga ukelele. Qais, alipokuwa bado kijana, siku moja alijikuta akisema, "Moja, mbili, tatu, na ndimu juu!" Watu wakaangua kicheko, na aliyenunua, ambaye tayari alikuwa ameanza kukunja uso, akaona haya kurudi nyuma mbele ya kicheko kile. Qais alijifunza siku hiyo kwamba watu wakishacheka, mnada umefungwa. Miaka thelathini alikula kwa kicheko hicho.

Mkewe, Radhiya, maneno yake hayakuwa na mkia. Alisema "chakula tayari", akanyamaza. Alikuwa binti wa Jang'ombe, mtoto wa seremala ambaye wazee wake walitoka bara, na alishona mabuibui na nguo za harusi kando ya dirisha la sebuleni. Watu walijiuliza vipi mtu wa kimya kile akaishi na mtu wa kelele zile. Waliishi, lakini si kwa wepesi. Qais alikuwa mtu wa hasira. Mwaka wa pili wa ndoa mama yake alimjaza maneno juu ya nasaba ya Radhiya, naye akampa mkewe talaka, akamrejea kabla eda haijesha. Miaka minane iliyopita aliziuza bangili za dhahabu za Radhiya bila ya kumwambia. Alipoulizwa aliona aibu, aibu ikageuka hasira, na hasira ikatoa talaka ya pili. Akamrejea tena, mbele ya mashahidi, akilia. Maalim aliyesimamia siku ile aliwaambia neno moja tu: "Imebaki moja."

Tangu hapo waliishi kama watu waliobakiwa na njiti moja ya kiberiti. Qais akihisi damu inapanda, huvaa makubadhi akatoka, akatembea mpaka Mnazi Mmoja, akazunguka, na akirudi huwa amepoa. Radhiya naye alijifunza kuichelewesha habari mbaya mpaka mumewe ashibe. Hasira ya Qais waliichunga wote wawili kwa miaka minane, na kwa hilo hata yeye alistahiki sifa. Kicheko chake hakuna aliyefikiri kukichunga.

Ilikuwa Jumatatu, baada ya swala ya alasiri, kwenye baraza ya Kokoni. Wanaume sita au saba, muuza kahawa na dele lake. Turki alikuwa anarekodi mazungumzo kwa simu, kama ilivyokuwa kawaida yake, ili awapelekee wenzao wa kikundi chao cha simu ambao hawakufika. Simu ya Qais ikalia. Alikuwa Radhiya: gesi imekwisha, asikae sana.

"Naam," alisema Qais. "Naam, naam. Nnakuja."

Turki alirukia hapo hapo. "Mmemsikia? Naam, naam! Mwanamme mzima anaitika kama mtoto wa chuoni anayengoja bakora, au nnasema uongo?"

"Muacheni," alisema muuza kahawa. "Huyu kashapigwa mnada zamani. Kanunuliwa kwa bei ya dagaa."

"Dalali kageuka samaki!"

"Na jicho limeingia ndani!"

Qais alisimama juu ya baraza. Alikuwa mrefu, kanzu yake ina madoa ya magamba ambayo hayatoki, na alipoinyanyua mikono wapita njia wakasimama. "Nani samaki? Mie ndo dalali wa mji huu! Haya, leo naipiga mnada nyumba nzima. Feni la dari! Moja, mbili, tatu, na ndimu juu! Kitanda cha mama yangu, mpingo mtupu! Moja, mbili, tatu, na ndimu juu!"

Watu walikuwa wanashika mbavu. Mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Na mwenye nyumba je?"

Ulimi wake ulikuwa umeshashika mwendo. Aliyewahi kumsikia dikoni anajua mwendo ule, haupi nafasi ya kupumua. "Radhiya! Ya kwanza kapata, ya pili kapata, talaka ya tatu nampa leo, na ndimu juu!"

Walicheka. Kicheko hakikuzidi urefu wa kupiga chafya. Kisha muuza kahawa akakiweka kikombe chini, na ile sauti ya kikombe juu ya jiwe ndiyo iliyosikika. Turki alishituka, akakinyanyua kidole kwenye simu, na kwa kukinyanyua ile rekodi ikaondoka kwenda ilikokuwa inakwenda.

"Yakhe," alisema Turki, na hakuongeza kitu.

Qais aliteremka barazani. Alikwenda akanunua mtungi wa gesi, akaupandisha ngazi begani. Kwenye ngazi alipishana na Mize anayeteremka. Mize alijibana ukutani, akaitazama miguu yake. "Mie simo, Qais. Wallahi, mie simo kabisa."

Hapo akajua kwamba habari imemtangulia.

Radhiya alikuwa amekaa na nguo ya bibi harusi magotini, hashoni. Aliibonyeza simu yake. Qais akaisikia sauti yake mwenyewe ikipanda na kushuka, feni, kitanda, ya kwanza, ya pili. Akaisikia ya tatu. Akakisikia kicheko, na ndani ya kicheko kile cha watu akakitambua cha kwake.

"Mzaha tu, Radhiya."

"Nimesikia."

"Walinichokoza. Umewasikia walivyonichokoza."

"Nimewasikia na wao."

Qais aliuweka mtungi chini. Alitaka kusema jambo jingine, akaona kila alilonalo linakuja na mkia wake.

Radhiya aliikunja ile nguo nyeupe kwa uangalifu, mkono juu ya mkono. "Kesho nenda kwa Maalim Hija," alisema. "Mueleze kama ilivyokuwa. Usizidishe, usipunguze. Atakalosema ntalifuata. Mpaka hapo, lala sebuleni."

Asubuhi Turki alimfuata dikoni, macho mekundu, na kabla ya salamu akamvuta pembeni penye mapipa ya barafu.

"Nimeuliza kwa wanaojua," alisema. "Mtu akiwa na hasira mpaka akili imemtoka, hajui analolisema, talaka yake haisihi, si talaka. Umenifahamu? Haisihi."

"Mie sikuwa na hasira. Nilikuwa nacheka."

"Ndo lililonileta. Ya mzaha inasihi. Talaka haina mzaha, Qais."

Qais alimgeukia. "Yaani ningemtukana, ningevunja sahani, ningekuwa na mlango wa kutokea. Na kwa vile nilikuwa nacheka, sina?"

"Mie sikuitunga. Lakini sikiliza. Sema ulipandwa na hasira. Sie sote tulikuwepo. Tutasema tulikuona unatetemeka. Ile sauti nimeshaifuta kwenye kikundi. Maalim hakuisikia, na si mtu wa kusikiliza mambo ya simu. Nani atakubisha?"

Mmoja wa vijana wa kubeba samaki, ambaye masikio yake yalikuwa karibu kuliko walivyodhani, alipita na kapu kichwani akasema, "Na ikishindikana, Ami Qais, mhalili nipo mie! Namuoa wiki moja, nakurejeshea, kama kawa!"

Ni utani wa kila siku, tangu zamani watu wanautania: mwanamke wa talaka tatu hamrudii mumewe mpaka aolewe na mwengine akaachika, na wanaume barazani hujitolea kwa kicheko. Qais mwenyewe aliwahi kujitolea mara nyingi, kwa wake za watu. Safari hii alimshika kijana shingo ya fulana, na kapu likaanguka, vibua vikatawanyika kwenye maji machafu. Kijana hakupigwa. Alitazamwa tu, na akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, ami. Nilikuwa natania."

Maalim Hija ana duka la kofia na mafuta mazuri ya kunukia Mkunazini. Si mzee, Qais amemzidi kwa miaka kumi. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake juu ya meza ya kioo, na aliyasogeza ili Qais apate pa kuweka mikono.

"Ami Qais, tamka lile neno kama ulivyolitamka."

Qais alilitamka, bila ya ndimu.

"Na ulikuwa na hali gani?"

Nje ya duka watalii walikuwa wanapiga picha mlango. Qais aliwatazama mpaka walipoondoka. "Nilikuwa na hasira," alisema.

"Hasira ya mtu anayejua analosema, au ya asiyejua?"

"Ya asiyejua."

"Wapo waliokuona?"

"Turki. Na wenzake."

Maalim alizungusha kalamu nyekundu kidoleni. Huenda alikuwa ameshasikia; mji huu hauna ukuta mnene hivyo. "Mie sikuwepo," alisema. "Mie nahukumu kwa nnaloambiwa. Ikiwa ni hivyo ulivyosema, mkeo ni mkeo. Ikiwa sivyo, unajua mwenyewe unaingia nyumba ya mwanamke gani."

Qais alirudi Kokoni anakwenda mbio, na njiani alinunua halua. Alipofungua mlango alianza kusema kabla hajavua makubadhi. "Maalim kasema ndoa ipo! Ndoa ipo, Radhiya, kasema mwenyewe kwa mdomo wake."

"Ulimwambia kwamba ulikuwa unacheka?"

Halua ilikuwa bado mkononi.

"Nilimwambia lililotufaa."

Radhiya aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha kuikisia. Hakupiga kelele. Pengine angelipiga kelele Qais angelijua afanye nini. Angelivaa makubadhi akaenda Mnazi Mmoja.

"Mara mbili umeniacha kwa hasira," alisema. "Nililia, lakini nilijua pana kitu kimekuuma. Aliyekuumiza alikuwa mie, au mama yako, au aibu yako. Safari hii hakuna kilichokuuma. Watu walikuwa wanataka kucheka na ukawapa mie."

"Ulimi, Radhiya. Ulimi tu. Unajua moyo wangu."

"Miaka minane nimeichunga hasira yako. Maziwa yakimwagika nayafuta kabla hujaingia. Bili ya umeme naificha mpaka ushibe. Kumbe nilikuwa nachunga mlango ambao huupiti."

"Nani atajua? Turki kaifuta. Ukifuta na weye imekwisha."

"Mie ntajua. Ntalala pembeni yako nikijua, na weye utalala unajua kwamba najua. Utakuwa mume gani huyo?" Aliisogeza pembeni nguo ya bibi harusi, ambayo ilikuwa bado haijatiwa vifungo. "Nilisema ntafuata atakalosema Maalim. Lakini hukumuuliza jambo letu. Umemuuliza jambo la mtu mwengine."

Kaka wa Radhiya, Jecha, alikuja baada ya adhuhuri na gari la kukodi. Hakumuamkia Qais kwa ukali wala kwa urafiki. Walikishusha cherehani pamoja, Jecha mbele na Qais nyuma, kwa sababu ngazi za nyumba zile ni kali na kitu kizito hakishuki kwa mtu mmoja. Binti yao, Yusra, anayesoma chuo Tunguu, alipiga simu mara nne. Qais hakujua amwambie nini. Mara ya tano Radhiya aliichukua simu, akasema, "Nnakwenda kwa mjomba wako," akakata.

Siku zilizofuata kule dikoni Qais alipandisha bei kama zamani. Sauti ikibaki moja, ile ndimu haikuja. Akatazama nguru sakafuni, akasema, "Haya, basi," na wanunuzi wakarudi nyuma mmoja mmoja, jicho limeingia ndani, nyama imelegea. Mwenye samaki mmoja wa Uroa alimgusa bega kwa upole akampa mzigo wake dalali mwengine.

Barazani walimshauri angoje. Mwanamke akikaa kwa kaka yake mwezi, miwili, huchoka. Mke wa kaka huanza kununa jikoni. Na karatasi ya talaka hana. Mbele ya Maalim, na mbele ya mtu yeyote atakayeuliza, Radhiya ni mke wa Qais, na mke akitaka kusogea mahali lazima apitie kwa mumewe. "Wakati uko upande wako," alisema Turki, "au nnasema uongo?" na alipolisikia hilo neno limemtoka aliinamisha uso.

Ukweli ni kwamba Qais alingoja. Alingoja siku tisa, na kila siku alijiambia ni siku ya subira. Siku ya kumi Jecha alimkuta msikitini Malindi, wakatoka pamoja, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Dada yangu anahesabu eda," alisema Jecha. "Kaanza kuihesabu tangu ile Jumatatu. Hatoki, hapokei mtu. Lakini anahesabu eda ya talaka ambayo kwa Maalim haipo. Itakapokwisha itakuwa imekwisha kwake peke yake. Akitaka kuolewa hawezi. Akifa kesho, hatujui weye ni nani kwenye jeneza lake, mume au mpita njia. Kwangu chumba kipo, Qais. Chakula kipo. Kitu ambacho hana ni hukumu, na hiyo unayo weye."

"Nampenda dadako," alisema Qais.

"Najua."

Hilo ndilo lililomshinda, kwamba Jecha alijua na halikubadilisha kitu.

Alikwenda Mkunazini. Maalim Hija alikuwa anampimia mteja kofia. Qais alingoja mpaka mteja akatoka, na hakukaa.

"Nilikudanganya," alisema. "Sikuwa na hasira. Nilikuwa nachekesha watu, na akili yangu ilikuwa nami, na nilijua neno nnalolitamka ni neno gani."

Maalim hakumkemea. Alitoa karatasi kwenye droo, akaita watu wawili kutoka duka la jirani, kisha Turki akapigiwa simu akaja anatweta, na akatia saini bila ya kumtazama mtu. Maalim alipofika kwenye tarehe aliinua kalamu.

"Ya leo, au ya siku ile?"

Qais alifahamu anaulizwa nini. Ingeandikwa ya leo, siku kumi alizozihesabu Radhiya zingepotea, angeanza upya, na kwa siku kumi nyingine angebaki amefungika na jina lake.

"Ya siku ile," alisema. "Keshaanza kuhesabu."

Akaichukua karatasi akaenda nayo Jang'ombe mwenyewe, kwa miguu, kwenye jua la saa saba. Alibisha hodi. Jecha alifungua, na Qais akabaki nje ya kizingiti, kwa sababu ndani mlikuwa na mwanamke asiyekuwa mkewe. Karatasi ilipokewa, ikapita nyuma ya pazia. Ilichukua muda wa mtu anayesoma kwa makini, mstari kwa mstari.

"Tarehe sawa," alisema Radhiya kutoka ndani. Kisha akasema, "Jecha, mpe maji. Katembea."

Qais alikunywa amesimama, kikombe chote, akakirejesha. Alitafuta namna ya kumwita. Miaka ishirini na tatu alimwita Radhiya tu, na siku nzuri akamwita Mama Yusra. Alilipitia jina moja moja kichwani, akaliona kila moja lina mlango nyuma yake ambao haumhusu tena.

"Ahsante, Bi Radhiya," alisema, kama wanavyosema wateja wake wanapokuja kuchukua nguo.

Pazia halikutikisika. "Karibu," sauti ilisema, na Jecha, baada ya kungoja muda wa heshima, akaufunga mlango taratibu.